Likizo ya uzazi inakwisha, kazi inaniita: nianze wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Nina mtoto wa pili, ana wiki 10 sasa, na likizo yangu ya uzazi inamalizika baada ya wiki tatu. Nafanya kazi afisi moja Mjini, saa 1:30 asubuhi mpaka saa 9:30. Nakaa Fuoni, natoka nyumbani saa 12:40 asubuhi na hurejea kama saa 10:15 jioni. Mkubwa ana miaka mitano, asubuhi yuko skuli ya maandalizi na jioni chuoni kusoma Kurani. Mume wangu anafanya kazi hotelini Kiwengwa, anakuja nyumbani siku mbili kwa wiki. Mama mkwe anakaa nasi lakini ana presha. Ndugu zangu wanataka kuniletea mtoto wa dada yangu kutoka Pemba, wa miaka 16, aje anisaidie. Sitaki kuacha kazi na sitaki kumwachisha mtoto ziwa. Wengine wananambia nianze kumzoesha maziwa ya kopo tangu sasa. Nianze wapi? — Mama wa watoto wawili, Fuoni

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, dada. Anza na maziwa, kwa sababu hayo ndiyo yenye tarehe. Mambo mengine ya nyumba unaweza kuyarekebisha hata ukiwa umesharudi kazini, lakini ziwa likishapunguza kutoa, kulirejesha kunataka subira ambayo mama anayeamka alfajiri huwa hana. Maziwa ya kopo usiyaanze. Ukimpa mtoto kopo mara mbili kwa siku wakati bado uko nyumbani, ziwa litanyonywa mara mbili pungufu, litatengeneza kwa kiasi hicho hicho pungufu, na siku ya kurudi kazini utakuta huna cha kukamua. Hapo kila mtu atasema maziwa yamekauka yenyewe.

Tufanye hesabu. Utakuwa mbali na mtoto kwa masaa tisa na nusu. Mtoto wa umri wake, asiyekula kitu chengine, huhitaji takriban mililita 30 hadi 45 za maziwa ya mama kwa kila saa uliyokuwa mbali naye. Kwa siku yako ya kazi hiyo ni kati ya mililita 300 na 420, yaani milo minne ya mililita 80 hadi 100. Na kiasi hiki hakipandi sana kati ya mwezi wa kwanza na wa sita. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasoma vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo, wanamjazia mtoto mililita 200 za maziwa ya mama kwa mara moja, akicheua wanahisi ameshiba vizuri, na mama aliyekamua 90 anajiona hana kitu. Mililita 90 ni mlo mzima.

Akiba unayoihitaji ni ya siku mbili tu, kama mililita 700. Huhitaji friza iliyojaa, kwa sababu unachokamua kazini leo ndicho atakachokunywa kesho. Kama friji yako ni ya mlango mmoja, yenye kile kisanduku cha barafu ndani, maziwa yaliyoganda humo yasikae zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo anza kukusanya siku 12 kabla ya kurudi, si leo. Kama una friza yenye mlango wake peke yake, yanakaa vizuri mpaka miezi sita, na unaweza kuanza hata kesho. Kamua mara mbili kwa siku, ya kwanza baada ya mtoto kunyonya ile ya alfajiri, kwa sababu asubuhi ziwa huwa na zaidi, na ya pili mchana. Siku za mwanzo utapata kidogo sana. Usishtuke, ziwa linajifunza, na ifikapo siku ya nne au ya tano utafika mililita 50 au 60 kwa mkupuo.

Kukamua kwa mkono kunatosha kabisa na hakuhitaji umeme wala vipuri. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya ziwa kwa dakika mbili tatu, kisha lipapase taratibu kuelekea kwenye chuchu. Kidole gumba kiwe juu na vidole viwili chini, vyote umbali wa sentimita 3 hivi kutoka kwenye ncha ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Usivutevute chuchu na usisugue ngozi: ukiona inauma au inabaki nyekundu, umeshika karibu mno na ncha. Dakika ya kwanza hutoka matone tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Endelea, baada ya dakika moja au mbili huanza kuruka. Zungusha vidole upande mwengine, badilisha ziwa kila dakika tano, na kazi nzima iwe dakika 20 hadi 30. Kamulia kwenye chombo cha mdomo mpana chenye kifuniko, kilichooshwa kwa sabuni na kuchemshwa dakika tano. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta na ubandike, na cha zamani kitumike kwanza.

Sasa uhifadhi, maana hapa joto letu halina huruma. Maziwa yaliyotoka sasa hivi hukaa masaa manne kama chumba kina nyuzi 25. Wakati wa kaskazi, nyumba ya bati mchana inapita nyuzi 30, kwa hiyo wewe yachukulie kuwa yana masaa mawili tu, kisha yawe kwenye baridi. Ndani ya friji hukaa siku nne, lakini yawe nyuma kabisa kwenye rafu ya juu, si mlangoni ambako kila anayefungua kuchukua maji anayatia joto. Samaki mbichi na nyama zikae chini yake, kamwe zisiwe juu zikidondokea. Yaliyotolewa kwenye barafu na kuyeyuka yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Ukiona yamejitenga, mafuta juu na maji chini, hayajaharibika. Yatikise polepole tu. Kuyapasha, chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto yasiyochemka. Yasitiwe sufuriani juu ya jiko. Yanayobaki kikombeni mtoto akishaanza kunywa yasipitishe masaa mawili.

Umeme ukikatika, friji isifunguliwe. Ikiwa imefungwa inashika baridi kama masaa manne. Mara nyingi lakini umeme haukukatika, ni yuniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zimekwisha usiku na hakuna aliyeangalia. Weka kiwango chako, kwa mfano yuniti 10, kwamba zikifika hapo mtu fulani ananunua bila ya kuulizwa. Nitalirudia hili la "mtu fulani" hapo chini, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote.

Kazini utahitaji kukamua mara mbili, kama saa 4:00 na saa 7:00. Ukiruka hiyo ya saa 7:00 kwa sababu ya kikao, siku moja si kitu. Ukiiruka wiki nzima utaona kiasi kinashuka. Zungumza na mkuu wako kabla ya kurudi, si siku ya kwanza mbele ya watu. Ombi lako liwe la maandishi na liwe dogo, lenye mipaka: dakika 20 mara mbili kwa siku, chumba chenye mlango unaofungika, kwa muda wa miezi kadhaa. Choo si mahali pa kukamulia chakula cha mtoto. Kaa pia na ofisa utumishi mupitie mkataba wako pamoja na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, namba 11 ya 2005, ujue kilicho chako. Chukua kisanduku kidogo chenye barafu, kinachohifadhi baridi mpaka ufike nyumbani. Chini ya baibui vaa gauni linalofunguka mbele, na ndani ya mkoba iwemo kanga moja ya kujifunika na nguo ya kubadilisha, kwa sababu wiki ya kwanza ziwa hutiririka lenyewe hata ukisikia mtoto wa mtu mwengine analia.

Nyumbani mtoto anyweshwe kwa kikombe, si chupa yenye nyonyo. Kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho mkono, kinafaa sana na huoshwa mpaka ndani. Nyonyo hushika mabaki, na baadhi ya watoto wakishaizoea hulikataa ziwa. Mtoto akalishwe wima mapajani. Ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yaguse tu midomo, kisha mnyweshaji asubiri. Mtoto mwenyewe ataramba na kufyonza. Asimiminiwe, atapaliwa. Mazoezi yaanze siku 10 kabla, mara moja kwa siku, mtoto akiwa na njaa kidogo lakini hajaanza kulia, na mnyweshaji awe mama mkwe, kisha mlezi akishafika. Wewe toka chumbani. Akikusikia au akinusa harufu yako atakikataa kikombe, na watu watasema "mtoto huyu hataki" wakati anachotaka ni wewe.

Na kabla ya kutoka asubuhi, mnyonyeshe tena saa 12:20, ukiwa bado na nguo ya nyumbani, ndipo uvae baibui. Ukifanya hivyo, kikombe cha kwanza hakitahitajika mpaka karibu saa 3:00. Tarajia kwamba usiku atanyonya zaidi kuliko sasa. Anafidia mchana, hajashikwa na kitu. Siku za mapumziko anyonye ziwa moja kwa moja, kikombe kiwekwe kando.

Litakalokuja ukiwa haupo ni maji, uji mwepesi au asali ya kutuliza tumbo. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji hata maji, hata jua likiwa kali. Na asali ni hatari kwake mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka ya kupumulia. Mwambie mama mkwe mapema na kwa adabu, yeye akiwa ndiye msimamizi wa jambo hilo, si mtuhumiwa. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, anaijua kabla yako. Mwambie nia yako ni kuifikia hiyo na unamhitaji yeye.

Sasa tuje kwa "mtu fulani". Akina mama wengi wa kazi huniuliza namna ya kugawa kazi za nyumbani, na wakishagawa wanabaki wamechoka vilevile. Sababu ni kwamba wamegawa mikono tu. Kufikiri, kukumbuka, kuulizia na kufuatilia kumebaki kwao. Mume anampeleka mtoto skuli, lakini mama ndiye anayejua kuwa daftari limekwisha, kuwa kesho kuna mkutano wa wazazi, kuwa viatu vinambana. Kumwambia mtu afanye hiki, kisha kile, ni kazi nyengine juu ya kazi. Toa jambo zima, mwanzo wake mpaka mwisho wake, na ukishalitoa lisirudi kichwani mwako.

Kwa mumeo, kuwa Kiwengwa siku tano si kizuizi kama inavyoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hizi ni simu na kumbukumbu. Mpe skuli na chuo cha mkubwa: ada, nambari ya mwalimu iwe kwake, mkutano, sare, madaftari. Mpe Tukuza na gesi. Na mpe chanjo. Mtoto wako alipotimiza wiki 10 alikuwa na chanjo. Kama bado hajapelekwa, apelekwe wiki hii. Inayofuata ni ya wiki 14, na ukihesabu utaona inaangukia wiki yako ya kwanza au ya pili kazini, wakati mbaya kuliko wote wa kuomba ruhusa. Baba apange mapumziko yake hotelini yakutane na siku ya kliniki, ampeleke yeye pamoja na mama yake, na kadi ya mtoto aishike yeye. Kuna pia ya miezi 9 na ya miezi 18. Zote ziwe zake.

Usimkabili siku anayofika, ametoka zamu na safari. Siku ya pili baada ya Alasiri, kaeni na karatasi moja muandike kila kinachofanyika nyumbani, hata kufungulia maji usiku wakati bomba linatoka na kujaza mapipa. Mbele ya kila jambo liandikwe jina la mmoja: nani analikumbuka. Karatasi yenyewe huzungumza zaidi ya malalamiko. Akishalichukua jambo akalifanya tofauti na utakavyo wewe, liache hivyo, ila likiwa la hatari.

La mtoto wa dada yako, jibu langu ni hapana. Binti wa miaka 16 mahali pake ni skuli, na mtoto wa wiki 13 hahitaji msichana mwengine wa kulelewa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Tafuta mwanamke mtu mzima hapo hapo Fuoni, aliyelea, anayeweza kuja saa 12:30 asubuhi na kuondoka saa 10:30 jioni. Mshahara, siku ya mapumziko na nini kitafanyika akiumwa muyaandike mapema. Mama mkwe kwa presha yake asibebeshwe mtoto siku nzima wala asimkimbilie wa miaka mitano. Kazi yake iwe kunywesha kikombe akiwa amekaa, na kuwa jicho. Mlezi afue, apike, abebe, ampokee mkubwa skuli.

Mlezi aje wiki moja kamili kabla hujarudi kazini. Siku mbili za mwanzo wewe unafanya, yeye anatazama. Siku mbili zinazofuata yeye anafanya, wewe unatazama na unajizuia kuingilia. Siku ya tano toka masaa mawili, ya sita toka masaa matano. Ukutani bandika karatasi yenye nambari za simu, jina la kituo cha afya kilicho karibu na nani mwenye gari atakayepigiwa. Na haya yaandikwe kwa herufi kubwa: mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka au kifua kikibonyea, akishikwa na degedege, akilegea au akiwa na homa ya nyuzi 38, apelekwe hospitali kwanza, wewe upigiwe njiani. Hakuna dawa yoyote ya kununuliwa dukani.

La malipo ya mlezi nina neno moja. Wanawake wengi huchukua mshahara wao, wakatoa pesa ya mlezi, wakatazama kilichobaki, wakasema kazi hii haina faida. Hesabu hiyo imekaa vibaya. Mtoto ni wa wazazi wawili na gharama ya kumlea inatolewa kwenye mfuko wa nyumba, na kwa sheria yetu ya dini matumizi ya nyumba yako juu ya mume hata kama mke ana mali. Wewe ukichangia ni hisani yako. Kubalianeni wazi nani analipa nini.

Jikoni, kinachokula jioni yako ni rosti la kila siku. Jumamosi kaanga vitunguu kilo moja na tungule kilo mbili, pamoja na thomu na tangawizi, moto mdogo mpaka maji yakauke na mafuta yaje juu. Gawa vyombo vinne: viwili friji kwa siku tatu za mwanzo, viwili kwenye barafu. Rosti usilitie tui, litachacha. Nazi ikune, igawe mafungu uigandishe, na tui uchuje siku ile ile. Samaki waoshwe, watiwe ndimu na chumvi, wafungwe mlo mmoja mmoja ili usiyeyushe fungu zima kwa vipande vinne. Maharage yaroweke usiku kabla ya kuchemsha. Kwa kutumia akiba hii mlezi anaacha mchuzi umeiva na wewe unapika wali tu.

Ukifika saa 10:15, usiingie jikoni. Kunywa maji, vua baibui, nawa, keti nusu saa unyonyeshe, na mkubwa akae ubavuni akusomee alichojifunza. Simu ibaki mkobani. Wa miaka mitano anayepata nusu saa hiyo hatakuganda usiku kucha. Nguo za skuli zipigwe pasi baada ya Isha, wala si asubuhi, umeme usije ukakukatikia uko na mkono mmoja wa shati.

Shughuli za watu: mazikoni nenda siku ile ile baada ya kazi, hata kwa muda mfupi. Harusi chagua siku moja, mchango utangulie, na zile nyengine uombe radhi mapema.

Ziwa likishika joto, wekundu na uvimbe upande mmoja, na ukapata homa, usiache kunyonyesha ziwa hilo. Maziwa yakibaki ndani hali huzidi. Nyonyesha, weka kitambaa cha baridi kila baada ya kunyonyesha, na kama siku imepita homa haijashuka, nenda hospitali na uwaambie kuwa unanyonyesha ili wakupe dawa inayofaa.

Mwisho, omba kurudi kazini siku ya Alkhamisi badala ya Jumatatu. Utafanya kazi siku mbili, akiba yako ya mililita 700 itakaribia kuzitosha hata kama hukukamua tone, na Jumamosi mtakaa chini na mlezi na mama mkwe mtazame mtoto alikunywa ngapi kila siku, alikunywa saa ngapi, na kiasi gani kilimwagwa. Kama zilimwagwa zaidi ya mililita 100 kwa siku, wanamjazia. Wapunguze kila kikombe kiwe cha 60 na waongeze akitaka.